Kompyuta ya Nyumbani na Ufunguo wa Sanduku la Barua

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama huko Landless, Thika. Imepigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa kazini siku ile.)



Wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala bado. Kwa hiyo sitasema maneno ya kupendeza masikio. Nitasema yanayofaa, kisha mtaniuliza maswali.

Halmashauri imenipa kazi ya kueleza namna ya kuilinda kompyuta iliyo nyumbani isiingiwe na virusi, na namna ya kuilinda akaunti ya barua pepe isitumiwe na wakora. Najua wako watakaosema: chama chetu ni cha mishahara, saa za kazi, likizo na malipo ya mtu aliyeumia kazini; kompyuta yahusu nini? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA

Tazameni mambo yenu wenyewe. Nambari ya KRA ya kila mmoja wetu imefungwa na anwani ya barua pepe. Huduma za Serikali twaziomba katika eCitizen. Katika viwanda vingi hati ya mshahara haiji tena kwa karatasi, yaja kwa barua pepe. Benki na Sacco hutuma habari kwa njia hiyo hiyo. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha za mfanya kazi zapita katika simu yake kila siku.

Basi shilingi tuliyoigombania mezani kwa miezi mingi yaweza kuibiwa usiku mmoja na mtu asiyeijua hata njia ya kwenda Thika. Tukipata nyongeza ya mshahara na hatujui kuilinda, tumefanya nusu ya kazi.

Tena kuna jambo la zamani ambalo chama cha wafanya kazi hakifai kulisahau. Wazee wetu walibeba kipande. Sheria yake ilikuwa ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume alivaa kikebe cha chuma shingoni, na ndani yake mlikuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake na maneno ya tajiri wake. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi mahali pengine. Harry Thuku na wenzake walikuwa miongoni mwa waliokipinga kipande mwaka 1921. Walikipinga kwa sababu habari za maisha ya mtu zilikuwa katika mamlaka ya mtu mwingine.

Leo hakuna anayetuvika kikebe. Lakini wengi wetu tumempa mtu mwingine habari zetu zote kwa hiari yetu, wala hatujui kama tumempa. Hilo ndilo neno langu la leo: akaunti ya barua pepe ni mali yako, nawe mwenyewe wapaswa kuushika ufunguo wake.

SANDUKU LA BARUA NDILO LENYE FUNGUO ZOTE

Zamani mtu aliyekuwa na sanduku lake la posta aliufunga ufunguo kiunoni. Alijua kwamba akiupoteza, mwingine atachukua barua yenye hundi. Barua pepe ni sanduku la namna hiyo, lakini lina jambo kubwa zaidi. Ukisahau neno la siri la KRA, la benki au la mahali pengine, wafanya nini? Wabonyeza maneno "nimesahau", na njia ya kuweka neno jipya yaletwa katika barua pepe yako. Basi mtu aliyeingia katika barua pepe yako hana haja ya kujua maneno yako mengine ya siri. Ataomba mapya, moja baada ya jingine, nayo yatamjia yeye.

Sasa nauliza: ni nani aliyekufungulia barua pepe yako? Wengi wetu hapa tulifunguliwa katika duka la kompyuta ambalo twaliita saiba. Mwezi wa Juni unakaribia kwisha, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu ya kodi ni tarehe 30, watu wamejaa mlangoni. Kijana wa saiba asema, "Mama, leta kitambulisho na karatasi ya P9." Anafungua anwani, anachagua neno la siri, na mahali pa kuandika nambari ya simu anaandika yake ili kazi iende upesi. Mama analipa, anapewa karatasi, anakwenda zake.

Simtukani kijana huyo. Yeye pia ni mfanya kazi, na wengi wao ni watu waaminifu waliotusaidia sana. Lakini tuseme yule mama afunga bidhaa kiwandani, na baada ya miaka mitano kazi yakoma. Ataka hati zake za kodi, ataka barua fulani, naye aambiwa kwamba zimepelekwa kwenye anwani yake. Hajawahi kuifungua. Neno la siri halijui. Nambari ya simu iliyoandikwa si yake, na saiba ile imekwisha kufungwa. Hapo hakuna hata mwizi, na mama ameumia. Na akiwapo mwizi, hasara ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ifanyeni wiki hii. Ingia katika akaunti yako mwenyewe. Badili neno la siri. Tazama mahali palipoandikwa simu na anwani ya kusaidia kuirudisha akaunti: ziwe zako, au za mke wako au mume wako, si za mtu wa dukani. Kama huwezi kuingia, mwombe mwanao au ndugu unayemwamini akusaidie kuirudisha, au fungua anwani mpya, kisha uende ukaibadili katika KRA, benki na kila mahali palipo na ile ya zamani.

Na ukienda saiba, andika neno lako la siri kwa mikono yako mwenyewe. Kompyuta ikikuuliza kama ilihifadhi neno hilo, kataa. Ukimaliza, toka katika akaunti kabla ya kuinuka, na usisahau karatasi zako wala nakala ya kitambulisho juu ya meza.

VIRUSI NI NINI, NA HUPITA MLANGO GANI

Wengi wetu tumenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya masomo ya watoto au kazi ndogo za jioni. Ni jambo jema. Lakini kompyuta iliyounganishwa na intaneti ni nyumba yenye milango.

Kirusi cha kompyuta si mdudu. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, ambayo huingia bila ruhusa yako na kufanya kazi usiyoitaka. Vingine huharibu faili. Vingine hukaa kimya na kusoma kila unachoandika, pamoja na maneno ya siri. Vingine hufunga faili zako zote na kudai fedha. Milango yake mikubwa ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni barua. Tarehe 4 Mei 2000 barua yenye maneno ya Kiingereza ya "nakupenda" ilianza kuzunguka kutoka Manila, mji mkuu wa Ufilipino. Ndani yake mlikuwa na kiambatisho kilichoonekana kuwa barua ya mapenzi. Kwa kweli kilikuwa programu, lakini kompyuta nyingi zilificha herufi za mwisho za jina la faili, na mtu hakuweza kuona tofauti. Aliyeifungua, kirusi kiliharibu picha na faili zake, kisha kikajituma chenyewe kwa watu wote waliokuwa katika orodha yake ya anwani. Kwa muda wa siku chache mamilioni ya kompyuta yalipatwa. Hata Bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake kwa muda.

Fikirini neno moja hapo. Watu waliifungua kwa sababu ilitoka kwa mtu wanayemjua. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Barua iliyotoka kwa rafiki yaweza kuwa haikuandikwa na rafiki. Ukiona kiambatisho usichokitarajia, mpigie simu umwulize. Barua ikisema umeshinda zawadi ambayo hukuiomba, au umepata kazi ng'ambo na utume "ada ndogo" leo, au akaunti yako itafungwa kabla ya saa sita, jua ya kwamba haraka hiyo imewekwa makusudi ili usifikiri. Mwajiri wa kweli hamwulizi mtu neno lake la siri, wala benki haimwulizi.

Mlango wa pili ni flashi. Hili mnalijua. Wapeleka barua yako ya kuomba kazi ili ipigwe chapa, na ukirudi nyumbani waona folda zote zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo. Mara nyingi faili zako hazikupotea; zimefichwa, na kile kialama ndicho kirusi chenyewe. Usikibonyeze. Usifute flashi yote kwa hasira. Iamuru programu ya kinga iikague flashi kwanza, kisha mwombe mwenye ujuzi akufunulie faili zilizofichwa. Ni afadhali kuwa na flashi moja ya kwenda nayo mjini, yenye kile tu kitakachopigwa chapa, na nyingine isiyotoka nyumbani.

Hapa nawaonya ndugu walio kazini. Usichomeke flashi yako katika mashine ya kiwanda bila ruhusa. Kompyuta ya kiwanda ikiharibika, ya kwanza kulaumiwa ni flashi ya mfanya kazi, na kesi ya namna hiyo ni ngumu kuitetea. Ukishitakiwa, usitie sahihi karatasi kwa hofu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakupa haki ya kuelezwa kosa lako kabla ya kuachishwa, na kuwa na mfanya kazi mwenzako au mjumbe wa chama wakati wa kusikilizwa. Mwite mjumbe wako.

Mlango wa tatu ni programu za wizi. Mtu ataka programu ya bei kubwa au mchezo wa mpira bila kulipa. Apata mahali panapoitoa bure, na maagizo yasema: "Kwanza zima kinga ya kompyuta yako." Ndugu zangu, mgeni akigonga mlango usiku na kusema, "Mfunge mbwa kwanza ndipo niingie," utamfungulia? Waambieni vijana nyumbani, lakini msiwagombeze tu. Waonyesheni kwamba ziko programu nzuri za halali zisizo na malipo, kama LibreOffice ya kuandika barua na kufanya hesabu.

MASAHIHISHO NA NAKALA

Kuna mlango mwingine usioonekana: kosa lililo ndani ya kompyuta yenyewe. Waundaji wa programu wakiona kosa, hutoa masahihisho. Kompyuta ikikuuliza kama iyapokee, wengi wetu twasema "baadaye", kwa sababu bando ni ghali na twataka kumaliza kazi.

Sikilizeni yaliyotokea mwaka 2017. Mwezi wa Machi kampuni ya Microsoft ilitoa masahihisho ya kosa moja katika Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika kosa lile lile na kuenea katika nchi zaidi ya 150. Hakikungoja mtu afungue barua. Kilijitembeza chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kilifunga faili na kudai dola 300 za kuzifungulia. Huko Uingereza hospitali nyingi ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Kompyuta zilizokuwa zimepokea masahihisho ya mwezi wa Machi zilikuwa zimezibiwa ule mlango. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi yapokeeni masahihisho. Kama bando ni tatizo, chukueni mara moja kwa wiki mahali penye intaneti mnayoiamini. Na mjue neno hili mnaponunua kompyuta iliyokwisha kutumika: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Kompyuta yenye Windows 10 huwaka na kufanya kazi, lakini makosa mapya hayazibwi kama zamani. Kabla ya kulipa, mwulize mwuzaji kama mashine yaweza kuchukua Windows 11 kwa njia halali. Kama haiwezi, ziko programu za Linux ambazo hazina malipo na hupokea masahihisho, nazo zafaa kwa masomo na barua. Yafaa kulijua jambo hilo kabla hujatoa fedha.

Juu ya kinga: Windows 10 na 11 zina kinga yake ndani, nayo haina malipo. Iache ikifanya kazi. Hakuna haja ya kununua kila kinga unayotangaziwa. Na tangazo likitokea ghafula likipiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi mia na upige simu nambari fulani, hilo lenyewe ndilo la wakora. Funga ukurasa huo, usipige simu.

Hata hivyo hakuna kinga isiyoshindwa. Dawa ya mwisho ni nakala. Picha za watoto, vyeti vya shule, hati ya shamba, barua ya kuajiriwa, hati za mshahara: weka nakala katika flashi au diski ambayo huchomekwa wakati wa kunakili tu, kisha huchomolewa na kuwekwa mahali pakavu. Ikiachwa ndani ya kompyuta, kirusi kitaifunga pamoja na nyingine.

Na ninyi mnaopata hati za mshahara kwa anwani ya kampuni, hili ni lenu hasa. Siku unapoachishwa kazi, anwani ile yaweza kufungwa kabla hujafika langoni, na ushahidi wako wote ukafungwa pamoja nayo. Tunza nakala za barua yako ya kuajiriwa na hati zako za mshahara nyumbani, mwezi kwa mwezi. Lakini karatasi za siri za kiwanda usizichukue. Chukua zilizo zako. Tena usiandike mambo ya chama katika anwani ya kampuni.

NENO LA SIRI, HATUA YA PILI, NA LAINI YA SIMU

Neno la siri lisiwe mwaka wako wa kuzaliwa, nambari ya kitambulisho, jina la mtoto, wala 123456. Hayo ndiyo mwizi hujaribu kwanza. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili au ya lugha ya mama, uyaunganishe. Neno refu ambalo wewe walikumbuka ni gumu kwa mwizi kuliko neno fupi lenye alama za ajabu. Usitumie neno moja mahali pote. La barua pepe liwe lake peke yake, na la benki lake peke yake. Kama hukumbuki, andika katika daftari na ulifungie kabatini nyumbani. Mwizi wa intaneti haoni kabatini kwako. Lakini usiliandike katika simu pasipo kufuli, wala usilitume kwa ujumbe.

Kisha weka hatua ya pili. Akaunti nyingi zaweza kuwekwa hivi: mtu akiandika neno la siri, anaulizwa pia nambari inayoletwa katika simu yako, au inayotolewa na programu maalumu iliyo katika simu. Mwizi aliyepata neno lako ataishia hapo. Basi nambari hiyo usimpe mtu yeyote, hata akijiita wa benki, wa kampuni ya simu, wa Serikali, au wa chama hiki. Akipiga simu mtu wa namna hiyo, mmoja wa wale ambao Kenya nzima huwaita watu wa Kamiti, kata simu. Safaricom imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000. Lakini hata ukiiona nambari unayoijua, nambari ya siri haitolewi.

Jihadharini pia na laini. Simu ikipoteza mtandao ghafula, na ya jirani yako ina mtandao, yawezekana mtu amejifanya wewe na kupewa laini mpya yenye nambari yako. Usingoje kesho. Azima simu ya jirani, piga kwa kampuni ya simu, kisha kwa benki. Na ukiacha kutumia laini, iondoe kwanza katika akaunti zako, kwa maana nambari iliyolala muda mrefu yaweza kupewa mtu mwingine.

UKIISHA KUIBIWA

Ndugu zangu, wengi wakiibiwa hivi huona haya, hukaa kimya, na mwizi apata nafasi ya kuwaibia jamaa zao pia kwa jina lao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Fanya haya kwa utaratibu:

1. Tumia kompyuta au simu unayojua ni safi. Ukibadili neno la siri katika kompyuta yenye kirusi, umempa mwizi neno jipya.

2. Badili neno la siri la barua pepe kwanza, kabla ya mengine yote. Kisha toa vifaa vyote vilivyo ndani ya akaunti hiyo.

3. Tazama simu na anwani za kuirudisha akaunti. Tazama pia kama mwizi aliacha agizo la kupeleka nakala za barua zako kwake. Wengi husahau hili, na mwizi huendelea kusoma barua hata baada ya neno kubadilishwa.

4. Badili maneno ya siri ya benki, Sacco, KRA na eCitizen. Iarifu benki na kampuni ya simu.

5. Waambie jamaa na wenzako kwa simu wasitume fedha kwa jina lako.

6. Nenda kituo cha polisi uandikishe, ukachukue nambari ya OB. Usifute ujumbe wa mwizi, maana ni ushahidi.

Sheria iko. Kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, mtu anayeingia bila ruhusa katika kompyuta ya mwingine aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 5,000,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au yote mawili. Tena sheria hiyo haimwangalii mgeni tu. Mume anayeingia kwa siri katika akaunti ya mkewe, au mwenzako anayejaribu simu yako wakati wa chai, asifikiri kwamba ni mchezo.

WAJIBU WA CHAMA CHENYEWE

Nimesema juu ya wanachama. Sasa nasema juu yetu viongozi. Kompyuta ya tawi ina majina yenu, nambari za vitambulisho, simu, na michango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamwamuru anayeshika habari za watu azitunze, na zikivuja katika njia ya kuwadhuru, amwarifu Kamishna wa Data kwa muda wa saa 72. Sheria hiyo yamhusu tajiri, na yatuhusu sisi. Hatuwezi kumwuliza tajiri, "Umeweka wapi habari za wafanya kazi?" ikiwa kompyuta yetu wenyewe yatumiwa na kila mpita njia.

Kwa hiyo naiomba halmashauri ikubali mambo manne. Kompyuta ya tawi isitumiwe kwa michezo wala flashi za nje zisizokaguliwa. Kila mwenye ruhusa awe na neno lake la siri, na akiacha ofisi, ruhusa yake iondolewe siku ile ile. Nakala ya orodha ya wanachama iwekwe mahali pengine chini ya kufuli. La nne ni la fedha: barua yoyote inayosema "akaunti ya benki imebadilishwa, lipeni hapa" isifuatwe mpaka mweka hazina ampigie mwenye kulipwa kwa nambari iliyokuwa katika vitabu vyetu tangu zamani, na viongozi wawili watie sahihi. Ulimwenguni kote makampuni na vyama vimepoteza fedha nyingi kwa barua ya namna hiyo, wala haikuhitaji kirusi. Ilihitaji karani mwenye haraka.

Juu ya hayo, kila kiwanda kichague vijana wawili wanaojua kompyuta, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wawasaidie wazee bila malipo Jumapili moja kila mwezi. Lakini vijana hao waapizwe neno moja: kumwonyesha mtu kidole mahali pa kubonyeza, na kugeuza uso anapoandika neno lake la siri.

Bwana Mwenyekiti, kazi hii haitaki fedha nyingi. Neno la siri jipya halina bei. Hatua ya pili haina bei. Flashi ya nakala ni gharama ya siku moja, na saa moja ya Jumapili yatosha kuanza. Wenye simu hapa na wazitoe sasa, tuanze na lile la kwanza: tazameni nambari ya nani imeandikwa katika akaunti zenu. Nitapita mstari kwa mstari. Ambaye hajui neno lake la siri asione haya. Aketi upande huu wa kushoto, nasi tutaanza naye.